Siku ya historia na ngoma kijijini, bonde la Rufiji: tuanzie wapi?

MwanaUtete aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa. Kijijini kwetu, upande wa kaskazini wa mto, serikali ya kijiji imekubali tuandae siku mbili za historia ya eneo na ngoma za asili. Wazo ni kuwa na maonyesho ya picha na simulizi za wazee mchana, kisha ngoma jioni. Watu tunaotarajia ni kati ya 300 na 500. Umeme haufiki uwanjani. Tumefikiria Aprili, wakati wa likizo ya Pasaka, ili vijana walioko Dar waweze kuja. Bango kuu tunataka liandikwe "Hapa ndipo Vita vya Majimaji vilipoanzia". Naomba ushauri kuhusu tarehe, vibali, namna ya kukusanya simulizi, na ngoma zenyewe. Tafadhali msitupe maneno ya jumla, tupeni mambo ya kufanya.

Dungu_la_Mpunga:

Ndugu, Aprili iondoeni kabisa. Huo ndio mwezi ambao mto uko juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuja wakati bwawa la Julius Nyerere limeshaanza kujazwa tangu Desemba 2022, kwa hiyo msijidanganye kwamba bwawa limemaliza habari ya maji. Hata mto usipofurika, barabara za udongo huwa matope na gari la vyombo halifiki.

Chukueni kati ya mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti. Mpunga umeshavunwa, watu wameshuka kutoka kwenye madungu (vibanda vya juu vya kulindia mpunga), kupanda mlau (mazao ya baada ya mafuriko kupungua) kunaelekea mwisho, na korosho bado hazijaanza kuwachukua watu mashambani. Septemba ina mtihani wa darasa la saba, hivyo mkiwategemea wanafunzi na uwanja wa shule mtakosa vyote viwili. Angalieni pia kalenda ya Kiislamu, maana Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Halafu chagueni Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi. Watu wanaorudi vitongojini kwa miguu saa nne usiku wanahitaji kuona njia, na viboko hupanda nchi kavu usiku kula. Kwa sababu hiyohiyo uwanja usiwe ukingoni mwa mto, hata kama mandhari ya pale inapendeza. Wanaovuka kwa mitumbwi watangazieni mapema kwamba chombo cha mwisho kinaondoka kabla jua halijazama, na wanaotaka kukesha wapangiwe pa kulala.

Kuhusu vibali: anzeni na muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji wenye sahihi na mhuri. Ambatanisheni barua kupitia mtendaji wa kata kwenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Yeye ndiye atakayewaelekeza mambo ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa): usajili wa vikundi na kibali cha tukio. Polisi wapelekewe barua yao yenye tarehe, saa ya kumaliza, idadi ya watu na jina la msimamizi wa ulinzi. Jipeni wiki sita. Kinachochelewesha mara nyingi ni barua isiyotaja saa ya kumaliza, au iliyoandika "usiku kucha".

NyarakaPwani:

Nianze na bango, maana likienda hivyo wageni kutoka Kilwa watalipinga siku ya kwanza, na watakuwa na haki. Mapigano yalianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, ambako leo ni Wilaya ya Kilwa, pale watu walipong'oa pamba. Sehemu ya Rufiji ni Ngarambe, kwa mganga Kinjikitile Ngwale, ambako watu walikuwa wakimiminika kuchukua dawa ya maji miezi kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Vyenyewe viliendelea hadi 1907. Hivyo bango lenu linaweza kusema kwamba ujumbe wa maji ulitoka bonde hili. Hilo ni kweli, tena ni kubwa kuliko kugombea nani alirusha mshale kwanza. Wekeni na sababu: kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilichoanza 1902, kodi, na viboko vya maakida (watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani). Bila sababu, kijana atasoma habari za dawa tu na kudhani babu zake hawakujua wanachopigania.

Simulizi inayosema Kinjikitile aliingia kidimbwini akatoka siku ya pili nguo zikiwa kavu iwekeni pia, lakini kwa maandishi ya rangi nyingine yanayoeleza kwamba ndivyo inavyosimuliwa. Msomaji aone lipi ni tarehe na lipi ni simulizi.

Mkitaka habari za delta, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na ikaharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Msiwaahidi watu kuiona: chuma chake kilichukuliwa miaka mingi na kilichobaki kimemezwa na tope. Mzinga wake mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, na picha yake inatosha kwa bango moja. Swali la maana kwa wazee si meli. Waulizeni nani alibeba mizigo, nani alitoa chakula, vijiji gani vilihamishwa.

Sasa simulizi. Hizi ndizo kazi yenyewe, nazo zikusanywe miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Mkisubiri kumpandisha mzee jukwaani na kipaza sauti mtapata dakika tano za salamu na pongezi kwa viongozi. Hojini mmojammoja nyumbani kwake, asubuhi, halafu ndipo muwakutanishe wawili watatu. Mkianza na kundi, mwenye sauti kubwa anasahihisha wengine, na mwenye habari tofauti ananyamaza. Kina bibi wahojiwe na wanawake. Mzee anayezungumza Kindengereko vizuri zaidi aachwe azungumze Kindengereko. Tafsiri ifanywe baadaye na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Simu inatosha. Iwekeni kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Programu ya kurekodi ipangeni WAV, 48 kHz, biti 24, chaneli moja: saa moja inachukua takriban MB 520. Kaeni chini ya mti au kwenye baraza la makuti. Chumba cha mabati hugongagonga jua likipanda, na mwangwi wake hauondoki. Mwanzoni mwa rekodi tajeni tarehe, kijiji na jina, na mzee aseme kwa mdomo wake kama anaridhia sauti ichezwe hadharani. Kuna watakaokubali muisikilize nyinyi lakini isichezwe uwanjani. Hilo liheshimiwe. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti, jioni hiyohiyo.

Miaka msiwaulize. Ulizeni: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Kabla au baada ya mafuriko makubwa yaliyofuatwa na Operesheni Rufiji, watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960? Vita vya Kagera, 1978? Daraja la Mkapa, 2003? Ukiwa na alama nne au tano unaweza kuliweka tukio ndani ya miaka mitatu minne. Kwa habari za 1905, ambazo hakuna aliye hai aliyeziona, swali la lazima ni "ulisikia kwa nani, naye alikuwa wapi wakati huo?" Jibu hilo liandikwe bangoni chini ya simulizi.

Hiyo Operesheni ndiyo mada ambayo ningeipa nafasi kubwa kuliko Majimaji. Walioishi bondeni kabla ya kuhamishwa bado wapo, nao wanapungua. Wachorewe ramani chini kwa kijiti: nyumba, makaburi, miembe, mabwawa ya samaki, njia ya mtumbwi. Pigeni picha mchoro ukiwa kamili, kisha uhamisheni kwenye karatasi mbele yake akiusahihisha.

Chapuo:

Nazungumzia ngoma tu. Msiweke wachezaji jukwaani. Ngoma ni duara. Chimbieni vigingi na kamba, kipenyo cha mita 10 hadi 12, wapigaji wakae upande ambao upepo unatokea ili vumbi lisiwaendee usoni. Mwagieni maji saa mbili kabla. Mkimwaga dakika ya mwisho mtapata utelezi na mchezaji ataumia kifundo.

Ngozi mpya zisiwambwe wiki ya tukio. Loweka ngozi usiku kucha kwenye maji baridi, kwangua nyama na manyoya, kisha wamba kwa kupiga mambo (vijiti vya kushikiza ngozi) yanayotazamana: moja huku, la pili ng'ambo yake, ndipo uende pembeni. Ukizunguka kwa mfuatano ngozi inavutwa upande mmoja na sauti inakuwa mbili. Kausha kivulini siku mbili tatu. Juani ngozi hukaza haraka na kuchanika kwenye matundu ya mambo. Kwa vumi (ngoma kubwa ya sauti nzito) tumia ya ng'ombe. Kwa chapuo (ngoma ndogo) ya mbuzi.

Tatizo kubwa la bondeni ni unyevu. Ngoma iliyolia vizuri saa kumi jioni, saa tatu usiku imelegea kabisa. Andaeni moto wa makumbi au majani makavu pembeni mwa wapigaji, mita 8 hivi, mahali ambapo upepo haupeleki moshi kwao wala kwa wachezaji, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni huo moto peke yake. Ngoma isogezwe nusu mita kutoka kwenye ndimi za moto, izungushwe, ipigwe kidole kila dakika moja au mbili. Ikianza kutoa mlio mkavu wa "ta", toa. Kuna wanaoiacha ikaze zaidi ili idumu. Hiyo ndiyo inayopasuka katikati ya wimbo. Kila kikundi kilete ngoma ya akiba, na ratiba iache dakika 15 za kupasha kati ya kikundi na kikundi. Kikundi kikiahidi dakika 20 hesabu 35. Kwa hiyo vikundi vitano kwa jioni moja vinatosha, sita ni vurugu.

Spika mbili zinatosha kwa watu 500, na ngoma zenyewe hazihitaji kipaza sauti uwanja ukiwa mdogo. Kipaza sauti apewe mwimbishaji na mshereheshaji. Spika ziwe mbele ya vipaza sauti, zikitazama watu. Zikiwa nyuma mfumo utapiga mluzi usiku mzima. Jenereta ya kVA 2.5 inabeba spika hizo, miksa na taa nne za LED. Iwekwe mita 40 mbali, nyuma ya jengo au kichuguu, na waya uwe wa milimita za mraba 2.5. Waya mwembamba kwa umbali huo hushusha umeme na miksa inazimika besi ikipigwa. Petroli hesabuni lita moja na robo kwa saa, na isijazwe injini ikiwa ya moto.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Nyimbo za jando na unyago si za uwanjani. Zungumzeni na makungwi na mangariba kabla ya kuandika ratiba, wawaambie kipi kinaruhusiwa mbele ya watoto na kamera. Wakisema hapana, iwe hapana, hata kama mfadhili ameomba.

MwanaUtete:

Asanteni sana wakuu. Tarehe tumeshaanza kuibadilisha. Maswali mawili: picha za zamani zilizoganda kwenye kioo cha fremu tufanyeje? Na kuna vijana wanataka kuchimba kwenye mahame ya kijiji cha zamani ili tupate vyungu vya kuonyesha.

NyarakaPwani:

Picha iliyoganda usiibandue. Rangi inabaki kwenye kioo na uso wa mtu unapotea. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu, ilaze kivulini, funika kwa juu kitambaa cheusi chenye tundu la kupitisha lenzi ili kioo kisiakisi, piga bila mwanga wa simu. Picha zisizoganda ziskanini dpi 600, za paspoti 1200. Nakala ndizo zinazoonyeshwa. Za asili zirudi kwa wenyewe siku hiyohiyo, na daftari la kupokea na kurudisha lisainiwe. Nyuma ya picha msiandike kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli laini, na kwa ruhusa.

Mabango chapisheni kwenye turubai ukubwa wa A1, maneno yasizidi 120, herufi pointi 40 kwenda juu, na yapangwe katika mstari mmoja kwenye banda la makuti. Kusi ya alasiri hupeperusha bango, kwa hiyo fungeni pembe zote nne, msifunge juu peke yake. Bango la kwanza liwe kimo cha watoto.

Kuchimba hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni, na kitu kikishatolewa ardhini bila kuandikwa kilikuwa kina gani na kando ya nini, hakina tena habari ya kutoa. Vigae vilivyo juu ya ardhi vipigeni picha vikiwa palepale, na rula kando. Ombeni vyungu, mikungu ya udongo, nyavu na madema (mitego ya samaki) yaliyoko majumbani. Anayeleta akae na chombo chake na aeleze kinavyotumika.

Dungu_la_Mpunga:

Niongeze kuhusu malipo. Andikianeni na kila kikundi: idadi ya watu (12 au 15, si "kikundi"), nauli, chakula na posho, nusu wakifika na nusu wakimaliza. Aliyeongezeka njiani ale, lakini posho isigawanywe upya siku ya tukio. Hapo ndipo magomvi huanzia. Wazee waliorekodiwa wawekewe viti vya mbele kivulini na usafiri wa kurudi kabla ya magharibi. Na kila mmoja apewe rekodi yake kwenye kadi ya kumbukumbu, hata kama anayo simu ya kitochi. Nyingi zina nafasi ya kadi lakini huenda zisisome WAV, kwa hiyo nakala hiyo igeuzeni MP3.