Kinga ya TB: isoniazidi ya miezi 6 au dozi ya kila wiki?

MamaTausi, Chang'ombe
Wapendwa, mume wangu yuko wiki ya tatu ya dozi ya TB. Mimi nimepimwa, sina ugonjwa, ila nimeshauriwa nimeze kinga. Njia ni mbili: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, wiki 12. Moyo wangu uko kwenye hii fupi. Natumia kijiti cha uzazi wa mpango. Mliomeza, nisaidieni.

FundiKibaigwa
Nilimeza isoniazidi, miligramu 300 kila siku. Mwezi wa nne nyayo zikaanza kuchoma kama nimekanyaga mchanga wa saa nane mchana. Nesi akaniuliza, "Na vile vidonge vya vitamini B6 unameza?" Nilikuwa nimeviacha, nikidhani ni vya kuongeza damu. Nilipovirudia, moto ukapungua polepole. Usiviache, dada.

MfamasiaKondoa
Pole kwa kuuguza. Hapo kwenye kijiti ndipo pa kuangalia. Rifapentini ni ndugu wa rifampisini anayomeza mumeo. Zote huchochea vimeng'enya vya ini, na homoni ya kijiti huvunjwa haraka kuliko kawaida. Mimba inaweza kuingia. Ukichukua ya wiki 12, tumieni kondomu muda wote na mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho, au uulizie kitanzi kisicho na homoni. Isoniazidi peke yake haina shida hiyo.

Rifapentini hukaa mwilini muda mrefu kuliko rifampisini, ndiyo maana inamezwa kwa wiki. Imeze baada ya kula. Mafuta huisaidia kufyonzwa, kwa hiyo mlenda wa karanga unafaa sana. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, usishtuke. Kwa njia zote mbili, pombe hapana. Macho yakiwa njano au ukitapika mfululizo, acha dawa, nenda kituoni siku hiyohiyo.

NesiManyoni
Hapa kwetu ya wiki ndiyo naona watu wanaimaliza. Wachache hupata homa na maumivu ya mwili saa chache baada ya kumeza, waje waseme. Ukianza kukohoa au kutoka jasho usiku, usimeze dozi inayofuata kabla ya kupimwa upya, maana ugonjwa wenyewe huanza kutibiwa kwa dawa nne. Ukiukabili kwa dawa za kinga, unazalisha usugu, yaani vimelea visivyosikia dawa. Na watoto chini ya miaka 5 wapeleke, hata kama wanacheza vizuri.

MamaTausi, Chang'ombe
Asanteni sana. Habari ya kijiti sikuulizwa, nami sikusema. Jumatatu naenda na kadi ya uzazi wa mpango mkononi, na Tausi mgongoni.