Deni la hospitali limeingia kwenye ripoti yangu ya mikopo: nililipe au nilipinge?

Mama Baraka (Dallas)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu deni ambalo sikujua kama lipo mpaka mwezi uliopita, tulipoomba nyumba ya kupanga tukakataliwa. Nilipoiangalia ripoti yangu ya mikopo nilikuta dola 1,186 chini ya jina la kampuni ya kukusanya madeni ambayo sijawahi kuisikia. Nilipiga simu mara tatu ndipo nikaelezwa kuwa ni deni la usiku wa tarehe 14 Februari 2025, mwanangu alipobanwa na pumu tukamkimbiza chumba cha dharura. Nilikuwa nimebadilisha kazi wiki chache kabla, lakini bima ya kazi mpya ilikuwa imeanza na kadi yake niliitoa pale mapokezi. Mwezi wa Aprili tulihama, na sikupokea bili hata moja.

Sasa wakusanya madeni wanasema nikilipa leo watanipunguzia hadi dola 800. Wakati huohuo, kuna bwana mmoja tunayesali naye ambaye anasema nimpe dola 600 kwanza, naye atanisafishia ripoti yote. Mume wangu anasema tulipe tu yaishe. Mimi roho yangu inakataa kulipa kitu ambacho bima ilipaswa kukilipa. Je, nifanyeje?

Msafiri wa Denver

Dada, pole kwa yaliyokupata. Usilipe hata senti. Serikali ya Marekani ilipitisha kanuni Januari 2025 ya kuondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti za mikopo. Mimi nilikuwa na deni la upasuaji la zaidi ya dola 3,000 na limefutika lenyewe bila mimi kuandika barua. Waambie hivyo, watalitoa.

Mzee wa Bili (Minneapolis)

Mama Baraka, pole sana, na natumaini mtoto amepona. Nimefanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya bili za hospitali, na kwanza naomba nimrekebishe ndugu yetu wa Denver kabla hujaandika barua inayotegemea kanuni isiyokuwepo. Ni kweli kwamba CFPB, shirika la serikali linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha, lilitoa kanuni hiyo Januari 2025, lakini mahakama ya shirikisho huko Texas iliibatilisha tarehe 11 Julai 2025. Deni lako, ndugu Msafiri, nadhani liliondolewa kwenye ripoti kwa sheria ya jimbo la Colorado ya mwaka 2023. Sisi wa Minnesota tunayo sheria kama hiyo tangu Oktoba 2024. Mama Baraka yuko Texas, kwa hiyo tumtafutie njia nyingine.

Njia hiyo ipo, na imo katika masharti ambayo kampuni tatu zinazotoa ripoti za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, zilijiwekea zenyewe. Tangu Julai 2022 deni la matibabu lililokwisha kulipwa haliruhusiwi kubaki kwenye ripoti, na ambalo halijalipwa haliruhusiwi kuingia mpaka utimie mwaka mmoja tangu malipo yalipoanza kuchelewa. Tangu Aprili 2023 deni la matibabu ambalo kiasi chake cha mwanzo hakikufika dola 500 nalo haliingii. Zingatia neno “mwanzo”: kupunguziwa kutoka 1,186 hadi 800, au hata hadi 300, hakukuingizi kwenye kundi hilo.

Mume wako hajakosea kabisa, kwa sababu ukilipa deni lote litaondolewa. Lakini utakuwa umelipa fedha za bima kutoka mfukoni mwako, na kuzirudisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuzizuia sasa. Zaidi ya hapo, usithubutu kulilipa kwa kadi ya mkopo, maana likishahamia kwenye kadi linakuwa deni la kawaida, na kinga zote nilizozitaja zinapotea.

Kabla sijaendelea, naomba uchukue ripoti zako zote tatu kwenye tovuti ya annualcreditreport.com, ambako unaweza kuzipata bure kila wiki, na uniambie ni tarehe gani imeandikwa kuwa malipo yalianza kuchelewa. Usiangalie tarehe ambayo akaunti ilifunguliwa na wakusanya madeni. Ni nyingine hiyo.

Bi Rehema (Columbus)

Nitasema moja tu kuhusu yule bwana wa dola 600. Sheria ya shirikisho inayowahusu wanaojiita wasafishaji wa ripoti inawakataza kupokea malipo kabla hawajamaliza kazi waliyoahidi. Anayetaka fedha kwanza anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama anasali safu ya mbele.

Mama Baraka (Dallas)

Ahsanteni sana. Mzee, nimezichukua zote tatu jana usiku na nimezisoma mpaka macho yakauma. Kwenye zote imeandikwa kuwa malipo yalianza kuchelewa Septemba 2024. Nilidhani nimekosea kusoma, kwa sababu mwaka 2024 mtoto hakulazwa wala hakutibiwa popote isipokuwa chanjo.

Mzee wa Bili (Minneapolis)

Hujakosea kusoma. Hilo ndilo kosa lenyewe. Huwezi kuchelewa kulipa Septemba matibabu yaliyofanyika Februari ya mwaka unaofuata. Kwa tarehe hiyo mwaka mmoja umeonekana kutimia, ndiyo maana deni likapita mlangoni. Kwa tarehe ya kweli, leo tukiwa Novemba 2025, halikupaswa kuonekana kabisa.

Andika barua tatu, moja kwa kila kampuni ya ripoti, na uzitume kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa. Kwenye simu hubaki na ushahidi wowote. Sema kwa sentensi chache kwamba tarehe si sahihi, na uambatishe nakala ya karatasi uliyopewa siku mtoto aliporuhusiwa, ambayo juu yake ina tarehe ya kuingia na kutoka. Usieleze habari ya kuhama wala ya kukataliwa nyumba. Anayesoma barua hizo anatafuta kitu kimoja cha kulinganisha. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu.

Barua ya nne iende kwa wakusanya madeni, ukiwataka wathibitishe deni na waonyeshe walikujulisha lini na kwa anwani ipi. Tangu mwisho wa mwaka 2021 hawaruhusiwi kupeleka deni kwenye ripoti kabla hawajazungumza na mdaiwa au kumtumia taarifa na kusubiri kuona kama imerudi.

Halafu piga simu ofisi ya bili ya hospitali, omba mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji, kwani ni bure, na uwaulize dai lilipelekwa bima gani. Nikiwa kazini niliona hili kila wiki: mgonjwa anatoa kadi mpya, karani anaipiga picha, lakini mfumo unabaki na namba ya bima ya zamani. Bima ya zamani inakataa, na bili inatupwa kwa mgonjwa. Waambie wapeleke dai upya na, wakati wanasubiri, wairudishe akaunti kutoka kwa wakusanya madeni. Wakidai muda wa kupeleka dai umepita, uliza kama wana mkataba na bima yako, kwa sababu mikataba hiyo kwa kawaida huikataza hospitali kumtoza mgonjwa kwa uzembe wake yenyewe.

Mama Baraka (Dallas)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki saba kuwapa mrejesho. Ilikuwa kama Mzee alivyosema: dai lilipelekwa bima ya kazi ya zamani. Dada wa ofisi ya bili aliniomba picha ya kadi, na nilipomtumia akakaa kimya kidogo, kisha akasema kadi hiyohiyo wanayo kwenye faili tangu Februari. Bima imelipa, na sehemu yangu imekuwa dola 150, ambazo nimeilipa hospitali moja kwa moja.

Kampuni mbili za ripoti ziliondoa deni ndani ya wiki tatu. Ya tatu ilijibu kwamba imehakiki na taarifa ni sahihi. Nikaandika tena, safari hii nikaambatisha barua ya hospitali inayosema akaunti imerudishwa na imelipwa yote, nikapeleka na malalamiko CFPB. Juzi nimeangalia, nayo imeondoa. Wakusanya madeni hawakujibu barua yangu mpaka leo, wala hawajapiga simu tena.

Mzee, nina swali moja la mwisho: zile barua na risiti nizitunze kwa muda gani?

Mzee wa Bili (Minneapolis)

Hongera sana, mama. Zitunze angalau miaka saba, kwa kuwa deni likiuzwa kwa kampuni nyingine linaweza kujitokeza tena kwa jina jipya, na huo ndio muda ambao deni huruhusiwa kukaa kwenye ripoti. Ile karatasi ya hospitali yenye tarehe iweke juu kabisa.