Chuo kinaweza kupewa barabara ya mtaa?

MamaPasua: Jamani wa Moshi, kuna chuo kinaongea na manispaa kipewe barabara inayokatiza kati ya majengo yake kiweke geti, nondo zishamwagwa pembeni kabisa, sasa sie wa ndizi na bodaboda tutapita wapi?

Mdau_Njoro: Pole dada. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndo mdhamini, iko kwenye Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, na barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo hao wawili hawawezi kumalizana wenyewe.

BodaKiboriloni: Wakikubaliana basi njia ya miguu ibaki wazi usiku na mchana na iandikwe kwenye mkataba, ahadi za mdomo hapana! Mbaneni diwani kabla ya kikao cha baraza.

MamaPasua: Asanteni, kesho naanza na mwenyekiti wa mtaa.