Muungano wa vikundi vya mikoko Lamu: kamati mpya ianzie wapi?

Hori_la_Mkanda:
Assalaam alaykum. Vikundi sita vinavyootesha miche ya mikoko, kuanzia Matondoni hadi Pate, vimeungana na kamati imeshachaguliwa. Kila kikundi kina hesabu zake na mnunuzi wake wa miche. Kamati ishike nini kwanza: usajili, fedha au upandaji? Na mtu wa mradi wa kaboni, yaani wa kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti, akibisha hodi, aulizwe nini?

Bamvua:
Wa alaykum salaam. Shikeni kwanza hesabu ya miti iliyo hai. Miungano mingi huvunjikia hapo. Kikundi kikilipwa kwa mche uliopandwa, hakuna atakayerudi kuuangalia. Watu watakimbilia mchanga ulio wazi mbele ya bahari, kwa kuwa tope halisumbui pale, na watapanda mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya miti tunayoiita mikoko, kwa kuwa mbegu yake ndefu huchomekwa tu. Upepo wa kusi ukivuma, yote inang'oka. Mbele ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma yake na kando ya hori, kwenye tope laini. Mkandaa, aina ya tatu, huwa juu zaidi, maji yanakofika siku chache za mwezi.

Mkipanda kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, hekta moja inachukua miche 10,000. Katika kila eneo pimeni viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10 na mpige vigingi pembeni. Kila kiwanja kina miche 100, kwa hiyo idadi ya iliyo hai ndiyo asilimia yenyewe, na mjumbe yeyote anaweza kuisoma. Hesabuni mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kupanda. Anayehesabu atoke kikundi kingine, si kile kilichopanda. Lipeni nusu siku ya kupanda na salio baada ya hesabu ya mwisho.

Hesabu ikishuka chini ya nusu, msipande tena hapo kabla ya kujua sababu. Mche uliotoweka mzima umechukuliwa na mawimbi. Uliokatwa shingoni ni kaa. Uliofukiwa nusu shina ni mchanga unaohama, na hapo hata miche 100,000 haitasaidia.

Jambo jingine: ratiba ya kazi ifuate mwezi mwandamo, si tarehe aliyoichagua mfadhili. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi. Kiongozi anayekubali sherehe ya kupanda bila kutazama maji atawasimamisha wageni ufuoni huku shamba liko chini ya bahari.

Daftari_la_Katibu:
Usajili nao usichelewe. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Kikundi cha kawaida kinaweza kupanda, lakini hakina haki yoyote juu ya msitu. Sheria ya misitu ya 2016 inaitaka jamii isajili chama cha msitu chini ya sheria ya vyama, kisha ipeleke maombi KFS (shirika la misitu la serikali) pamoja na orodha ya wanachama, katiba, kanuni za fedha na eneo linaloombwa. Baada ya hapo huja mpango wa usimamizi, halafu mkataba.

Wakata boriti waingizeni kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Wao ndio wanaojua pau (miti myembamba) zinatoka wapi na nguzo (miti minene) zimeisha wapi. Mkiwaacha nje, mnakuwa mnalinda msitu dhidi ya watu wanaoufahamu kuliko ninyi.

Fedha: watia sahihi watatu kutoka vikundi tofauti, na taarifa ya benki isomwe kwenye kila mkutano mkuu.

Hori_la_Mkanda:
Shukran sana. Kaa wanazuiwaje?

Bamvua:
Mbegu za mkoko ziwekwe kivulini siku kadhaa kabla ya kupandwa. Zikikauka kidogo kaa hawazipendi sana. Chukueni zilizoiva tu, zenye pete ya manjano shingoni na zinazoachia mti zikitikiswa. Yenye tundu la mdudu tupeni. Chomekeni theluthi moja ardhini, ncha chini. Anayepanda kwa haraka huzigeuza, kwa hiyo msimamizi apite nyuma ya mstari.

Mlilana:
Kuhusu kaboni. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, baada ya kutoa gharama. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuuliza: gharama zipi, nani anazikagua, na je, zina kikomo? Waombeni waandike jibu ndani ya mkataba wa maendeleo ya jamii, kwa Kiswahili, na usomwe kijiji kwa kijiji kabla ya sahihi. Ulizeni pia mkataba ni wa miaka mingapi na kama ukataji wa boriti utaruhusiwa humo.

Tumeni wajumbe wawili au watatu Gazi, Kwale. Mikoko Pamoja, mradi wa jamii wa huko, wanauza kaboni ya hekta 117 tu, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Waulizeni jinsi kijiji kinavyoamua matumizi, kisha mwombe kuona madaftari yao.