Ulinganisho: Google Analytics, Matomo, Plausible au nibaki na AWStats? (duka la korosho, Mtwara)

MbanguajiShangani
Wakuu, habari za jioni. Nauza korosho zilizobanguliwa, pakiti za robo na nusu kilo, nipo Mtwara mjini. AWStats, programu ya kuhesabu wageni wa tovuti iliyokuja na cPanel (paneli ya kusimamia hosti), inasema mwezi uliopita tovuti ilipata wageni 3,100. Oda zilizoingia WhatsApp ni 9. Nimehesabu mara mbili. Ipi inamfaa mtu asiye na fundi wa kudumu? Na hao elfu tatu ni akina nani jamani, mbona hawanunui?

FundiLigula
Dada, sehemu ya hao si watu. AWStats inasoma kumbukumbu za seva, na seva inaandika kila anayebisha hodi, zikiwemo roboti zinazotafuta upenyo wa kuingilia tovuti za WordPress. Zinazojitambulisha inazichuja, zinazojificha zinapita. Hizo tatu nyingine kwa kawaida hutumia kipande cha JavaScript kinachofanya kazi ndani ya simu ya mgeni, hivyo roboti nyingi hubaki nje. Ila nazo zinapunja: mwenye kizuia matangazo huenda asihesabiwe kabisa. Usitegemee programu mbili zikupe namba moja.

Mimi ningekuwekea Google Analytics, ni bure. Siku hiyohiyo ingia kwenye mipangilio upandishe muda wa kutunza data kutoka miezi 2 hadi 14. Wengi wanakumbuka hilo msimu wa pili, wanapotaka kuuchimba ule wa kwanza.

MtuWaMikindani
Napinga. Google Analytics ya zamani ilipoacha kupokea data Julai 2023 tukabaki na toleo jipya, GA4, nami kila nikiifungua nahitaji mtu wa kunishika mkono. Nina nyumba ya wageni hapa Mikindani, nimehamia Plausible. Kila kitu kiko kwenye ukurasa mmoja: wametoka wapi, wamesoma nini, wamebonyeza nini. Haitumii vidakuzi (cookies), na ni nyepesi kwa mteja anayehesabu bando. Ubaya wake ni ya kulipia kila mwezi, tena kwa kadi.

LindiMtandaoni
Matomo: bure ukiiweka kwenye seva yako, na data inabaki kwako, jambo la kufikiria tangu tulipopata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini masasisho ni juu yako. Niliiweka kwenye hosti ya bei poa, tovuti ikawa nzito kama jahazi lililopakia chokaa. Kwako wewe hapana.

BintiNewala
Mnagombania mizani, hamjauliza kinachopimwa. Shangani, una ukurasa wowote unaotaja bei ya korosho?

MbanguajiShangani
Upo. Niliandika "Bei ya korosho Mtwara leo" minada ilipoanza Oktoba. Ndio unaosomwa kuliko yote.

BintiNewala
Basi wageni wako ndio hao, dada yangu. Ni wakulima. Mtu ana gunia kwenye ghala la chama cha msingi, anataka kujua mnada umefika ngapi, wewe unamwonyesha korosho ya kukaanga yenye chumvi! Fungua Search Console, ni bure pia, inatunza hadi miezi 16 na inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google kabla ya kukufikia.

MbanguajiShangani
Nimerudi. Bahati nzuri aliyenijengea tovuti alishaiunganisha tangu mwanzo. Katika maneno kumi ya juu, manane ni mnada: "bei ya korosho ghafi leo", "mnada wa korosho Tandahimba". Nimempigia baba mdogo kule Tandahimba, kumbe naye ni mgeni wangu wa kila wiki, na hajawahi kununua hata pakiti.

LindiMtandaoni
😂 Usije ukawaandikia kwamba unanunua, utaitwa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho nje ya minada.

FundiLigula
Binti kanizidi hapo, nakubali. Basi achana na jumla ya wageni, pima kitufe cha WhatsApp. GA4 hurekodi yenyewe mtu anapobonyeza linki ya kutoka nje ya tovuti. Tengeneza tukio jipya lenye sharti kwamba linki inaelekea wa.me (anwani ya linki za WhatsApp), ulitie alama ya tukio muhimu.

Kisha linki unazosambaza zipe mkia, mfano `?utm_source=whatsapp&utm_medium=stetasi`. Bila mkia, aliyetoka WhatsApp huandikwa kama aliyekuja moja kwa moja, hujui umshukuru nani. Andika herufi ndogo siku zote; "WhatsApp" na "whatsapp" zitakaa mistari miwili tofauti. Ripoti ya miji usiiamini sana, mtu yuko Masasi na bando lake, mtandao unamsoma yuko Dar.

MtuWaMikindani
Mikia hiyo hata Plausible inaisoma. Nasema tu.

MbanguajiShangani
Nimechukua Google, kwa sababu ya kadi tu, Mikindani usininunie. Mkia mwingine nimeuweka kwenye QR ya stika nyuma ya pakiti, utm_source=pakiti. Siku sita: kitufe kimebonyezwa mara 14, 8 ni wa pakiti, stetasi 5, na ule ukurasa wa bei 1. Huyo mmoja kaagiza nusu kilo. Namtafuta nijue kama ni baba mdogo.