Familia: laptopu ya Shangazi haioni waifai

Shangazi: Wanangu hamjambo, hii laptopu toka jana jioni waifai haishiki kabisa na mdogo wenu kesho mwisho kutuma fomu ya mkopo wa chuo, simu zetu zinashika vizuri tu

Dada Mkubwa: Shikamoo shangazi. Umezima ukawasha?

Shangazi: Marahaba mama. Nimezima nimewasha, na ruta nimechomoa nikarudisha, wapi

Mjomba: Itakuwa kile kitufe chenye kandege kimebonyezwa, kinakata waifai

Shangazi: Hapana kaka, waifai za majirani naziona nne tano, ya kwetu ndo haipo

Baba Mdogo: Afute mitandao yote kwenye settings aanze upya

Binamu: Subirini kwanza msimfutishe kitu. Shangazi shikamoo, jina halitokei kabisa au linatokea ila paswedi inakataa? maana hayo ni mambo mawili tofauti

Shangazi: Marahaba. Halitokei. Fundi jana kaja kabadilisha ruta kaweka mpya ya antena nne, jina lina 5G mwishoni

Dada Mkubwa: Si ndo nzuri hiyo, 5G inakimbia

Binamu: Dada hiyo siyo 5G ya laini za simu, hapo wanamaanisha 5GHz, yaani mawimbi ya redio ya ruta. Waifai nyingi za nyumbani zina mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5, hiyo 5 inakimbia kweli ila ukuta mmoja au kuta mbili imechoka, 2.4 ni polepole lakini inafika mbali, sasa laptopu nyingi za zamani kadi yake ya waifai ni ya 2.4 tu, 5 haiioni hata uipakate juu ya ruta. Bonyezeni kitufe cha Windows andikeni cmd, ikifunguka andikeni netsh wlan show drivers halafu mnisomee palipoandikwa Radio types supported, yaani aina za waifai ambazo kadi inazikubali

Mdogo wetu: 802.11b 802.11g 802.11n basi

Binamu: Ndo yenyewe, kadi ni ya 2.4 tu. Ingekuwa ya 5 ungeona 802.11a au ac hapo. Laptopu ni nzima

Mjomba: Kwa hiyo wanunue nyingine??

Binamu: Hapana mjomba, ruta ina zote mbili, fundi kaacha 2.4 imezimwa. Geuzeni ruta kuna stika chini, ile namba ya 192.168 iandikeni kwenye brauza ya simu, yuza na paswedi ziko hapohapo, ingieni Wireless, washeni 2.4GHz mkaipe jina lake tofauti. Ila fomu isisubiri hayo, chomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa chaji uwashe USB tethering kwenye settings za simu, yaani simu iigawie laptopu intaneti kwa waya, kama ni Android inapitisha waifai hiyohiyo wala bando haliliwi

Mdogo wetu: Tethering imekubali!! nimeshaingia kwenye fomu naambatanisha vyeti

Shangazi: Mungu akuweke mwanangu. Na huku baba yao keshawasha hiyo 2.4, laptopu imeliona jina. Hii ya 5 tuizime?

Binamu: Iacheni shangazi, simu na tivii zibaki huko