Makala zangu za karafuu zinarudishwa na saraka za mtandaoni, sasa nimefungiwa akaunti. Nifanyeje?

BintiWete

Assalaam aleykum ndugu zangu. Jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima, naomba ushauri wenu.

Mie na dada yangu tuna shamba dogo la mikarafuu alotuachia babu, nje kidogo ya Wete. Karafuu tunapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kama wakulima wenzetu. Pembeni tunapokea wageni shambani na tunatengeneza sabuni za mwani na karafuu. Kijana mmoja alinishauri niandike makala kwa Kiingereza nizitume kwenye saraka za makala, yaani tovuti zinazopokea na kuchapisha makala za watu, wageni watupate wakitafuta Google. Nikaandika moja, nikaituma saraka saba usiku mmoja.

Mbili zimerudisha, zinasema linki zimezidi. Ya tatu imesema makala hii ipo kwengine. Ya nne ilikataa, nikabadilisha kichwa cha habari nikatuma tena, wakanifungia akaunti. Tatu nyengine kimya. Ile barua ya kufungiwa nimeisoma mara tatu. Hawakunitukana, lakini nimejihisi kama niliyetolewa barazani mbele ya watu.

Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi, naiweka kwa Kiswahili:

"Je, unatafuta sabuni ya karafuu Zanzibar? Sabuni ya karafuu Zanzibar yetu ndiyo sabuni bora ya karafuu Zanzibar, inatibu ukurutu, chunusi na fangasi. Bonyeza hapa ununue sabuni ya karafuu Zanzibar leo."

Nifungue akaunti nyengine kwa jina la dada? Au nimlipe mtu anipitishie?

KijanaWaDarajani

Fungua nyengine kwa imeili nyengine, dada. Wengi wanafanya hivyo na mambo yanakwenda.

MhaririMstaafu

Wa aleykum salaam mwanangu. Usifungue akaunti ya pili, na jina la dada yako usiliingize humu. Wakigundua, mtafungiwa wote wawili, na anwani ya tovuti yenu itawekwa kwenye orodha yao ya kukataliwa. Hapo hata ukija na makala nzuri haitosomwa.

Nimepokea makala za watu miaka mingi, mwanzo za gazeti, baadaye za mtandaoni. Nikwambie inavyokuwa upande wa pili wa meza. Mhariri anafungua, anasoma aya ya kwanza, anashuka moja kwa moja mpaka chini kwenye maelezo ya mwandishi, anahesabu linki. Zikizidi idadi iliyoandikwa kwenye masharti, haendelei. Hana kinyongo na wewe, ana foleni.

Wewe unajua kituoni wanavyopokea karafuu. Mtu akija na gunia lililochanganyika na makonyo, yaani vijiti vya karafuu, punje nazo zina unyevu, mpimaji hamuulizi kwao wapi. Anamwambia rudi ukachambue, ukaanike tena. Aya yako mwanangu ina makonyo mengi. Sentensi tatu, "karafuu Zanzibar" mara nne. Linki imeingia kabla msomaji hajaambiwa hata jambo moja la faida. Hilo ni tangazo lililovaa kanzu ya makala, na saraka karibu zote zinakataza matangazo.

Fungua ukurasa wa masharti wa saraka moja tu, chukua kalamu na karatasi. Andika: maneno yasipungue mangapi (nyengine zinataka si chini ya 400), linki ngapi na zikae wapi, kama wanakubali makala iliyokwishatoka pengine, kama bei na namba ya simu zinaruhusiwa. Mara nyingi linki inakubaliwa kwenye kisanduku cha mwandishi tu, kule mwisho. Hapo ndipo pa kusema wewe ni nani na mnauza nini. Juu kote ni haki ya msomaji.

Na kipengele ambacho watu wanakiruka: haki ya kuchapisha upya. Saraka nyingi za makala zinampa mtu yeyote ruhusa ya kuchukua makala yako akaiweka kwake, alimradi asiguse kisanduku cha mwandishi. Kisome vizuri kabla hujabonyeza kukubali, maana ikishachukuliwa huwezi kuzunguka kuifuta tovuti moja moja.

Kuhusu kumlipa mtu akupitishie, utampa pesa na akaunti atakayoiharibu ni yako.

FundiMitandao_Unguja

Mzee kamaliza, naongeza kwa nini masharti yamekaza hivi. Zamani watu walikuwa wakimwaga makala ile ile kila saraka ili wapate linki nyingi. Februari 2011 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, na saraka kubwa kama EzineArticles ziliporomoka kwenye matokeo. Aprili 2012 ikaja Penguin, hiyo ikalenga linki zilizowekwa makusudi ili tovuti ipande Google. Saraka zilizobaki zinajilinda. Hata DMOZ, saraka ya tovuti iliyokuwa ikihaririwa na watu wa kujitolea tangu 1998, ilifungwa Machi 2017.

Kwa hiyo dada, kutuma saraka saba usiku mmoja hakukusaidii hata zingekubali zote. Saraka nyingi sasa zinaitia linki alama ya nofollow, yaani haikupandishi Google. Faida inayobaki ni yule mgeni aliyesoma, akavutiwa, akabonyeza mwenyewe. Andika makala moja kwa saraka moja. Ya kuchuma peke yake, ya kuanika peke yake, ya kina mama wa mwani peke yake. Kubadilisha kichwa cha habari na kuacha kiwiliwili kile kile, mashine inakijua.

MamaMkoani

Mwanangu, hayo maneno ya "inatibu ukurutu" yatoe leo hii, na kwenye karatasi ya sabuni pia. Mimi ni muuguzi. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali ya kutuliza maumivu, kwa wingi, na madaktari wa meno wanaitumia kweli. Lakini mafuta yenyewe yanaunguza ngozi ya watu wengine, khasa ya mtoto. Mama akisoma makala yako akampaka mwanawe mwenye ukurutu, utajisikiaje? Sema sabuni inanukia vizuri, sema imetengenezwa na nini na nini, inatosha.

Na kama umeweka picha ya mtu yuko juu ya mkarafuu, umemuomba ruhusa?

BintiWete

Nashukuru sana, shikamooni wakubwa wangu. Picha ni ya shangazi, nilikuwa sijamuomba. Nimemuomba jana, amekubali ila anataka ile aliyofunga kanga vizuri.

Mzee, kwenye barua ya kuomba nifunguliwe nieleze mambo ya shida za nyumbani?

MhaririMstaafu

Usieleze. Taja kosa kwa jina lake, sema umelirekebisha vipi, omba, basi. Mfano: "Nilituma tena makala mliyoikataa nikiwa nimebadilisha kichwa cha habari tu. Nimesoma masharti yenu. Makala niliyoambatanisha ni mpya, haijatoka popote, na ina linki moja katika maelezo ya mwandishi. Naomba muifikirie akaunti yangu." Mistari minne. Usiwaandikie kila siku, ngoja.

BintiWete

Assalaam aleykum. Zimepita siku kumi na mbili, narudi na habari. Zile saraka zilizokaa kimya niliziandikia niondoe makala ya mwanzo, mbili zimeiondoa. Nimeandika upya kabisa, mwanzo wake sasa ni huu:

"Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Ukichelewa linachanua, na bei inaondoka nalo. Zikishachambuliwa, punje huanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya majamvi, na kilo tatu mbichi hubaki kama kilo moja kavu. Punje iliyokauka ukiivunja hukatika kwa mlio. Wingu likionekana upande wa bahari, hata mgeni aliyekuja kunywa chai huinuka kukunja jamvi."

Maneno 640, linki moja, mwisho kabisa. Akaunti wameifungua juzi usiku. Makala wameirudisha kwa jambo moja tu: niandike chini ya picha nani kaipiga na kwamba aliyemo amekubali. Shangazi ameshanipa jina anavyotaka liandikwe, naituma leo baada ya Isha.